Mawe ya Nyongo: Tule Nini, Tuache Nini?



Mwezi uliopita nilipata barua ndefu kutoka kwa mama mmoja wa mkoa wa Iringa, mwenye watoto wanne. Anasema mwaka jana alipimwa kwa altrasaundi akaambiwa ana mawe matatu katika mfuko wa nyongo. Alitoka hospitali na bahasha ya picha pamoja na tarehe ya kumwona daktari wa upasuaji, lakini habari ya chakula hakuielewa vizuri. Basi akaanza kuuliza watu, na kila aliyempa pole alimwongezea katazo. Yote aliyaandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya kabati la vyombo: mafuta, mayai, maziwa, nyama ya aina yoyote, samaki, maharage, karanga, parachichi, nazi, hata nyanya, kwa kuwa mbegu zake eti hugeuka mawe. Amebaki na uji mweupe, ndizi za kuchemsha na chai ya rangi.

"Nimepungua kilo tisa kwa wiki sita," anaandika, "na kanisani wananisifu kwamba nimependeza. Lakini maumivu ambayo zamani yalikuja mara moja kwa miezi mitatu, mwezi huu yamekuja mara tatu. Dada nesi, ni kitu gani nimesahau kukiacha?"

Hakuna ulichosahau, mama. Umeacha vingi mno, na huenda ndiyo sababu mojawapo ya kuumwa zaidi. Naomba nieleze taratibu, maana najua hauko peke yako.

Kila mama aliyewahi kuchinja kuku anaijua nyongo. Ukifungua tumbo unakuta kifuko kidogo cha kijani kimejibandika kwenye ini, nawe unakitoa kwa uangalifu, kwa sababu kikipasuka kitoweo chote kinakuwa kichungu. Sisi nasi tunacho kama hicho, chini ya ini, upande wa kulia, chini ya mbavu. Ini hutengeneza nyongo usiku na mchana, karibu nusu lita hadi lita nzima kwa siku. Kazi yake kubwa ni kuyavunjavunja mafuta ya chakula, kama sabuni inavyoyavunja mafuta ya sufuria. Kati ya mlo na mlo nyongo hukusanyika mfukoni, na mfuko wenyewe ni mdogo, hubeba kama vijiko vikubwa viwili au vitatu tu. Chakula chenye mafuta kikishuka kutoka tumboni kuingia utumbo mdogo, mwili hutoa ishara, mfuko unajiminya, nyongo inamiminika.

Sasa fikiria maji ya chumvi yaliyoachwa kwenye bakuli siku nyingi bila kumwagwa. Chumvi hushuka chini na kuganda. Nyongo nayo ina vitu ndani yake, hasa lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli. Lehemu ikizidi, au mfuko ukikaa muda mrefu bila kujiminya, chembe ndogo huanza kujikusanya, na kidogo kidogo zinakuwa mawe. Mengine hulingana na punje ya mchanga, mengine hufika ukubwa wa yai la njiwa.

Watu wengi wana mawe haya na hawajui. Kati ya watu watano wenye mawe, wanne hivi hawaumwi kitu. Maumivu huja pale jiwe linapoziba mlango wa mfuko wakati mfuko unataka kujiminya. Ndipo unasikia uchungu chini ya mbavu za kulia au kwenye chembe cha moyo, unapanda polepole, unapenya mgongoni au bega la kulia, hukai wala hulali, unatapika. Hudumu nusu saa, saa moja, hata saa kadhaa, halafu huisha. Mara nyingi huja baada ya mlo mzito, au usiku wa manane.

Tulipokuwa chuo cha uuguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa wa mawe ya nyongo ni mwanamke, mnene, mzazi, mwenye miaka arobaini. Maneno hayo yana ukweli wake, lakini yametufanya tuwapite wagonjwa wengi. Nimewaona wembamba, nimewaona wasichana wa miaka ishirini na miwili waliojifungua mtoto wa kwanza. Ni kweli kwamba sisi wanawake tunapata zaidi ya wanaume, na sababu kubwa ni homoni. Wakati wa ujauzito nyongo hubeba lehemu nyingi zaidi, na mfuko unakuwa mvivu wa kujiminya. Ndiyo maana mawe mengine huanza mimba ikiwapo, na yale madogo sana huweza kupotea yenyewe miezi ya baada ya kujifungua. Wapo pia wanaorithi hali hii kwa mama zao.

Watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa selimundu hupata mawe ya namna nyingine, yanayotokana na chembe za damu zinazovunjika haraka. Mama mwenye mtoto wa selimundu anayelalamika tumbo upande wa kulia amwambie daktari, naye asijilaumu kwa chakula alichompikia. Mawe hayo hayaletwi na chakula.

Kuna daktari mmoja mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi miaka ya 1960. Moja ya mambo yaliyomshangaza ni kwamba maradhi aliyoyazoea Ulaya, mawe ya nyongo yakiwamo, alikuwa akiyaona kwa nadra sana kwa wanavijiji wa Afrika. Yeye alitazama sahani zao: nafaka zisizokobolewa, maharage, mizizi, majani, chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Wataalamu wameendelea kuchunguza na kuongeza mambo mengine, kama vile uzito wa mwili na kukaa bila kazi ya viungo, lakini nyuzinyuzi zimebaki kwenye orodha. Ninapowaona akina mama wa mjini wakiona aibu kumpikia mgeni ugali wa dona, huwa namkumbuka daktari yule.

Kabla sijaingia jikoni nikiri jambo moja la nyumbani kwangu. Wifi yangu, ambaye ni mwalimu, aliumwa tumbo miaka miwili. Kila mtu alisema ni vidonda vya tumbo, naye akawa ananunua dawa za vidonda dukani, na kila usiku kabla ya kulala anakunywa kikombe kikubwa cha maziwa ya moto yenye malai "ili yatulize." Saa nane za usiku anaamka anajikunja. Na mimi, muuguzi mzima, nilikuwa nampa pole na kumkumbusha maziwa! Yale maziwa yalikuwa na mafuta, mafuta yaliuamsha mfuko, mfuko ulijiminya juu ya jiwe. Tulikuja kujua siku macho yake yalipogeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai kali, kwa kuwa jiwe lilishateleza na kuziba mrija wa nyongo. Alipona, lakini baada ya kulazwa wiki tatu. Tangu hapo, mtu akiniambia ana vidonda vya tumbo, namwuliza: Umepimwa, au umeambiwa? Maumivu yanakaa upande gani? Yanakuja baada ya kula nini?

Haya, chakula.

La kwanza, na ndilo linalosahaulika kuliko yote, ni saa za kula. Wengi wetu tunakula chakula cha jioni saa moja, asubuhi tunawahangaikia watoto wa shule, tunakunywa chai kavu au hatunywi kabisa, na mlo wa kweli tunaupata saa saba mchana. Hesabu mwenyewe: ni saa kumi na nane. Muda wote huo nyongo imetuama mfukoni. Kula asubuhi, hata kama ni kidogo. Uji wa ulezi au wa dona ulioongezwa maziwa, kiazi kitamu na yai la kuchemsha, magimbi na kikombe cha chai ya maziwa, vyote vinafaa. Kisha kula mchana, kisha jioni mapema, mlo wa kiasi, masaa mawili au matatu kabla ya kulala.

La pili ni mafuta, na hapa ndipo mama wa barua alipokosea kwa nia njema. Mtu mwenye mawe hatakiwi kula mafuta mengi kwa mkupuo. Hakuambiwa asiguse mafuta maisha yake yote. Ukiyaacha kabisa, mfuko haupati sababu ya kujiminya, nyongo inazidi kutuama, na mwili unakosa vitamini zinazosafiri na mafuta. Kipimo ninachowapa wagonjwa wangu ni kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kila mtu katika kila mlo. Yaani familia ya watu sita ikitumia lita moja ya mafuta, idumu kama siku kumi na moja. Wengi wakisikia hivyo hucheka, kwa kuwa lita yao haimalizi siku nne. Usimimine kutoka kwenye chupa. Pima kwa kijiko.

Kuhusu mapishi, vitu vinavyotumbukizwa kwenye mafuta ndivyo adui mkubwa: maandazi, sambusa, vitumbua, chipsi, kuku wa kukaanga, samaki mkavu wa kukaanga halafu akaungwa tena kwa nazi. Nyama ya kuchoma si mbaya kama ni steki, ila ile yenye mafuta yanayodondokea moto, pamoja na ngozi ya kuku na supu ya kongoro yenye utando juu, ni ya kuacha. Nyama chemsha, ondoa mafuta yaliyoganda juu, ndipo uunge kwa kitunguu na nyanya. Mtori kwa mfano ni chakula kizuri sana kwa mgonjwa huyu, kama hukuupika kwa mafupa ya mafuta na kuumalizia kwa siagi, na najua ndugu zangu wa Kilimanjaro watanigombeza kwa hilo. Kisamvu kiunge kwa tui jepesi la pili, au kwa karanga vijiko viwili vilivyosagwa. Tui zito na karanga kwa pamoja katika sufuria moja ni karamu, basi ziwe za karamu. Parachichi robo kwenye kachumbari haina neno. Samaki, hasa wa kuchemsha au kuoka, na dagaa waliooshwa vizuri, ni chakula chema.

Mayai hayatengenezi mawe. Wapo wagonjwa ambao yai huwaletea maumivu, na hao waache, lakini mwingine anakula yai moja la kuchemsha kila siku bila shida. Nyanya na mbegu zake zisiwatishe, maana mbegu ya nyanya hupita utumboni ikatoka ilivyoingia, haina njia ya kufika kwenye mfuko wa nyongo. Maharage nayo wengi huyaogopa kwa sababu ya gesi. Gesi ni kitu kingine. Yaloweke usiku, mwaga maji, yapike yaive sana, anza na kiasi kidogo. Maharage, kunde na choroko ni rafiki wa mfuko wa nyongo, pamoja na mchicha, matembele, dona, ulezi na matunda ya msimu. Maziwa ya mtindi uliotolewa malai ni bora kuliko maziwa mazito ya moto. Kahawa haijakatazwa, ila kama ukinywa unaumwa, mwili umekwisha kukujibu.

La tatu ni uzito. Mama mnene akipungua, ni vema kwa moyo, kwa sukari na kwa magoti. Lakini anayepungua kwa kasi, ini lake humwaga lehemu nyingi kwenye nyongo, na wakati huohuo mfuko hauna kazi. Hapo mawe mapya huzaliwa na yale ya zamani huanza kuuma. Nusu kilo kwa wiki inatosha, kilo moja ni mwisho. Kilo tisa kwa wiki sita ni kilo moja na nusu kila wiki, mama. Wanaokusifu kanisani hawajui kinachoendelea chini ya mbavu. Na kama hukukusudia kupungua kiasi hicho, daktari anatakiwa kujua.

Niseme kidogo juu ya harusi, kwa kuwa ndizo zinazotuletea wagonjwa wa Jumapili alfajiri. Mtu ameshinda jikoni tangu asubuhi akipika pilau la watu mia tatu, hajala kitu. Saa nne usiku anakaa mbele ya sahani yenye pilau, nyama, kuku wa kukaanga na sambusa mbili. Wewe mwenye mawe, kula mlo wako mchana kama kawaida, na usiku chukua wali kidogo, kachumbari nyingi, nyama moja isiyo na mafuta, na tunda. Hakuna atakayekuhesabia.

Kuhusu kufunga, nimeulizwa mara nyingi na akina mama wa maombi, nami naongea kama mwenzao. Kufunga siku nzima bila kula, tena siku nyingi mfululizo, hakumfai mwenye mawe yanayouma. Mwambie mchungaji wako hali yako bila aibu, umwulize na daktari. Katika kikundi chetu tunao dada wawili wa namna hiyo. Wanakula milo yao mitatu midogo, wameacha sukari na soda kwa siku zote za mfungo, na kwenye maombi ya usiku hawakosi.

Kisha kuna ule ujumbe unaozunguka kwenye simu: kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limao usiku, asubuhi utaona mawe ya kijani yakitoka chooni. Ni kweli huonekana vidonge vya kijani. Mwaka 2005 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha habari ya mwanamke wa miaka arobaini aliyefanya hivyo, akakusanya "mawe" yake na kumpelekea daktari. Yalipopimwa maabara hayakuwa na lehemu wala kitu chochote cha mawe ya nyongo. Yaliyeyuka kwa joto la nyuzi arobaini, na sehemu kubwa yalikuwa ni mafuta aliyokunywa mwenyewe, yaliyogeuka kama sabuni ndani ya utumbo. Mawe yake halisi aliondolewa baadaye kwa upasuaji. Mbaya zaidi, bakuli la mafuta kwa mtu mwenye mawe linaweza kuusukuma mfuko ujiminye kwa nguvu na kulipeleka jiwe kwenye mrija, ndiko kule alikofika wifi yangu.

Chakula kizuri kinapunguza maumivu na kusaidia mawe mapya yasijengeke. Mawe yaliyokwisha kuwa magumu hakiyayeyushi. Vipo vidonge vinavyoweza kuyeyusha aina fulani ya mawe madogo, lakini huchukua miezi mingi, na mara nyingi mawe hurudi. Kwa anayeumwa mara kwa mara, tiba ni kuondoa mfuko wenyewe, upasuaji uliofanyika mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na siku hizi katika hospitali nyingi kubwa hufanyika kwa matundu madogo bila kupasua tumbo lote. Wengi huogopa: nitaishije bila mfuko wa nyongo? Punda hana mfuko wa nyongo tangu kuumbwa, na mizigo mnaiona anavyoibeba. Ini litaendelea kutengeneza nyongo, ila itakuwa inadondoka kidogo kidogo moja kwa moja utumboni. Wiki za mwanzo choo kinaweza kuwa laini, basi ongeza mafuta polepole. Baada ya hapo wengi hula kila kitu kwa kiasi.

Usingoje nyumbani ukiona haya: maumivu yasiyoisha baada ya saa tano au sita, homa na kutetemeka, macho kuwa manjano, mkojo mweusi, choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi, au kutapika kusikokoma. Usimpe mgonjwa wa namna hiyo chakula wala maziwa, mpeleke hospitali, hata kama ni usiku. Na mama mjamzito aliyepita miezi mitano akiumwa chini ya mbavu za kulia, pamoja na kichwa kuuma au macho kuona ukungu, asihangaike na habari ya nyongo kwanza. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba, na hiyo ni safari ya saa hiyohiyo.

Nirudi kwako, mama wa Iringa. Bandua ile karatasi. Kesho asubuhi pika uji wa dona, tia maziwa kidogo, ule na kiazi kitamu. Mchana weka maharage na mchicha uliokaangwa kwa kijiko chako cha chai cha mafuta, jioni samaki wa kuchemsha. Umeniandikia pia kwamba uliiacha tarehe ya daktari wa upasuaji ipite, kwa kuwa ulitaka kwanza kujaribu chakula. Kuumwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja si jambo la kungoja. Nenda wiki hii ukaombe tarehe nyingine, uchukue na ile bahasha ya picha, na umwambie daktari kilo ulizopungua.